Kipimo cha Macho ya Kogo

Kila Jumamosi asubuhi Cherono alifagia sebule, akawafungulia kuku, kisha akampelekea Kogo chai. Kogo ndivyo walivyomwita nyanya yao, mama mzazi wa Mama.

Jumamosi hiyo sebule yao pale Kiminini haikuwa na kitu. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi, na viti vyote vilikuwa vimetolewa nje. Ndani ilibaki katoni moja tu, na ndani ya katoni mlikuwa na televisheni. Mjomba Kiptanui alikuwa ameituma kutoka Bungoma ili Kogo aone ibada, kwa maana miguu yake ilikuwa haimfikishi tena kanisani.

"Cherono," Mama alisema akijitwika kikapu cha parachichi za kupeleka sokoni, "fundi anakuja saa nne. Rudisha kiti cha Kogo ndani, umketishe mahali pake. Halafu pima kwa uzi kutoka sakafuni hadi machoni pake, ufunge fundo. Katikati ya televisheni pakae penye fundo. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Daktari alisema asiwe akiinua shingo kutazama juu, atashikwa na kizunguzungu. Kwa hivyo usikisie."

Mama hata hakuwa amefika barabarani, rafiki yake Nyambu akachungulia kwenye ua. "We Cherono! Mchezo wa kati unaanza, tunakungoja wewe tu. Ama siku hizi umekuwa fundi?"

"Nakuja, bana! Ngojeni kidogo!"

Cherono alikitazama kile kiti. Kilikuwa kizito, cha mbao. Akamtazama Kogo, aliyekuwa akiota jua na kunywa chai polepole, kana kwamba kikombe hakina mwisho. Basi Cherono akaingia ndani peke yake. Akakanyaga ncha ya uzi kwa kidole gumba cha mguu, akauvuta hadi kwenye macho yake mwenyewe akiwa amesimama wima, akafunga fundo.

Fundi Kimotho alipofika, aliuweka uzi ukutani, akakunja uso. "Hii si iko juu? Nyanya alikuwa ameketi kweli?"

"Alikuwa ameketi," Cherono alijibu, macho yakiwa mlangoni.

Fundi akatoboa ukuta, akafunga skrubu, televisheni ikapanda. Cherono naye akakimbilia uwanjani.

Jioni Mama aliitazama, akainamisha kichwa upande mmoja. "Naona kama iko juu."

"Ndipo macho ya Kogo yalipofika, Mama."

Mama alimwamini.

Kogo alifurahi sana. Kwa sababu macho yake hayakuona mbali, alikisogeza kiti karibu na ukuta na kuinua uso. Ibada ya kwanza aliitazama hadi mwisho huku akiimba. Siku ya Jumanne alianza kujisugua shingo. Alhamisi Cherono alimkuta akipaka dawa ya kuchua.

"Inauma, Kogo?"

"Ni uzee tu, mtoto wangu. Nitazoea."

Cherono aliinua macho kwenye televisheni, kisha akayaondoa haraka.

Jumapili iliyofuata, sala ya mwisho ilipokwisha, Kogo aliinuka na kuyumba. Kama Cherono hangekuwa karibu kumshika mkono, angeanguka juu ya meza. Mama alimlaza, akatoka nje na simu. Cherono alisikia kila neno kupitia dirishani.

"Kiptanui, ule ugonjwa wa kizunguzungu umerudi. Mimi nashinda sokoni, watoto wako shule. Njoo kesho umchukue, akae huko kwako Bungoma karibu na hospitali. Hapana, si kwa wiki moja. Akae huko kabisa."

Alipoingia chumbani, alimkuta Kogo, ambaye naye alikuwa amesikia, ameketi kitandani, nguo zake zimekunjwa ndani ya mkoba magotini, anaomba kwa sauti ya chini: "Mungu wangu, kama huu mwili umechoka, nipe nguvu ya kuondoka nyumba hii bila kuwaliza watoto."

Cherono hakuweza kungoja amina.

"Kogo, si mwili wako! Ni mimi!" Akaanza kulia. "Sikukupima. Nilijipima mimi nikiwa nimesimama, nikaenda kucheza. Nikamdanganya fundi. Nikamdanganya Mama pia."

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alimpigia Fundi Kimotho, kisha akampigia Mjomba amwambie asubiri kwanza.

Kesho yake asubuhi Mama alimpeleka Kogo kliniki ya Kitale. Daktari alimpima, akasema shida ni ile shingo iliyokuwa ikiinuliwa kila siku. Jioni fundi alifika. Safari hii Cherono alikiweka kiti mwenyewe, Kogo akaketi, fundo likafungwa penye macho yake.

"Eh! Imeshuka karibu futi nzima!" Fundi alisema. "Siku ile nilishuku, lakini ulinijibu bila kupepesa."

Kogo alicheka. "Nami namsumbua Mungu aniponye, kumbe nilihitaji fundi!"

Cherono hakucheka. Juu ya televisheni yalibaki matundu manne kwenye rangi mpya. "Mama, umenikasirikia kwa sababu ya ukuta?"

"Ukuta tutauziba," Mama alisema. "Kazi ulipewa, ukaikwepa, na hilo ni kosa. Lakini kosa lingeisha siku ileile kama ungesema kweli fundi alipokuuliza. Ulipoficha ukweli, Kogo akaanza kuuogopa mwili wake mwenyewe, nami nikataka kumtoa mama yangu nyumbani. Mtu akikuamini, amekukabidhi maisha yake. Ukikosea, sema mapema, hata kama unatetemeka."

"Nimesikia, Mama. Nisamehe, Kogo."

Kogo alimvuta, akamketisha kando yake. "Nilikusamehe jana, kabla hujamaliza kulia. Sasa nenda ukazitoe nguo zangu kwenye ule mkoba."