Mkono wa Kushoto wa Etelka

Jumamosi soko kuu la Budapest hujaa mpaka mtu akipiga chafya anawaomba radhi watu watano. Etelka alikuwa amevaa koti la kijivu na kofia ndogo yenye unyoya mmoja. Kikapu alikishika kwa mkono wa kulia, na humo ndani bata bukini hai alitoa shingo kama mpangaji mmbea dirishani. Alikuwa akibishana na muuza kabichi chachu aliposikia sauti nyuma yake.

"Nakubusu mkono, Bi Etelka."

Sauti aliijua kuliko uso. Kwa miezi minne, siku sita kwa wiki, saa kumi kamili, alilala kwenye kochi la Daktari Ármin Halmos akiisikiliza ikitoka nyuma ya kichwa chake. Ndivyo tiba hiyo mpya ilivyokuwa: mgonjwa analala na kusema lolote linalomjia, daktari anakaa asikoonekana. Uso aliuona mlangoni tu, akiingia na akitoka. Hakujua kwamba ukicheka una vishimo mashavuni.

"Daktari! Kumbe nawe unakula?"

"Dada yangu kanituma vitunguu. Usimwambie mtu. Na huyu je?"

"Mgonjwa wako mpya. Amekuja kusema yote yanayomjia."

Bata akapiga kelele. Daktari akacheka hadi miwani ikamteleza.

Wanaume wa mji ule hawaishii kusema "nakubusu mkono", wanaubusu kweli. Kwa kuwa wa kulia ulikuwa na kikapu, aliinua wa kushoto. Ndio uliokuwa mgonjwa. Etelka alimshika mama yake kwa mkono huo mpaka mama akakata roho na kupoa, na tangu siku hiyo ulikufa ganzi, kutoka kifundo hadi ncha za vidole. Alikuwa mshona glavu. Siku hizi alishona kwa macho, na sindano ikimchoma aliarifiwa na damu kwenye ngozi nyeupe ya glavu. Madaktari wa mifupa na mishipa hawakuona kasoro, ndipo akaelekezwa kwenye kochi.

Aliiona midomo ikigusa. Hakuhisi kitu. Kisha Daktari akainua macho, na macho yale yalikuwa yakiomba.

"Etelka," akasema, bila "Bi", kwa mara ya kwanza. "Umehisi?"

"Nimehisi."

Wiki hiyo simu ya duka la glavu alikoshona haikupumzika.

"Etelka!" aliita Bi Hermina, mwenye duka. "Daktari wako wa kochi! Mara ya tatu leo. Hivi mgonjwa ni wewe au yeye?"

"Ni yeye, Bi Hermina. Mimi namtibu bure."

Akashika simu.

"Hazina yangu," sauti ikasema. "Vidole vimeamkaje?"

"Vinakusalimu."

"Vyote vitano?"

"Kile kidogo kinaringa kidogo. Kinataka kibembelezwe."

Etelka alicheka pale alipotakiwa kucheka. Simu ilipokatika aliutazama mkono wake juu ya meza kama kitu kilichosahauliwa na mteja.

Chumbani kwa Daktari, kiti kilianza kusogea. Jumatatu kilikuwa nyuma ya kichwa chake, Alhamisi kikawa ubavuni. Wiki iliyofuata Etelka hakulala tena. Walikaa wakitazamana, wakanywa kahawa, na saa ya tiba ikapita bila mtu kumtaja mama.

"Umepona," Ármin akamwambia mwezi wa Mei. "Nimewasomea madaktari wenzangu habari zako, bila jina. Walisimama kunipongeza! Na sasa si mgonjwa wangu tena. Ungekuwa mgonjwa, hili nisingethubutu."

Akatoa pete. Kwao pete ya uchumba huvaliwa kushoto, na huhamia kulia siku ya ndoa. Etelka aliitazama dhahabu ikipanda kidole chake, akasema ndiyo. Alimpenda, hilo halikuwa uongo. Lakini hata penzi lenyewe alilisikia kwa mbali, kama bendi inayopiga mtaa wa pili.

Jumapili moja ya Juni walikwenda kula vilimani Buda, ng'ambo ya mto, kwenye bustani ya mkahawa. Etelka alivaa gauni jeupe na glavu za ngozi ya mwanambuzi, kazi ya mikono yake, zimembana kama ganda la yai. Supu baridi ya cheri ilipoletwa alizivua, akaziweka kando ya sahani.

"Harusi yetu ya Oktoba iko mbali," akalalamika. "Mama yangu angekwishatuoza kwa nguvu."

Ármin alikuwa ameinamia kitambaa cha meza.

"Pete inakubana?" akauliza polepole.

"Inabana kidogo," Etelka akadeka, macho yake kwenye vishimo vya mashavu. "Kama mwenyewe aliyeitoa. Lakini nimeizoea. Naihisi hata nikishona."

Vishimo havikutokea. Etelka akayafuata macho ya Ármin. Kidole chake kilikuwa kitupu juu ya kitambaa cheupe. Pete ilikuwa imebaki ndani ya glavu.

"Tangu lini mkono hauhisi?"

"Tangu mwanzo. Hata siku ile sokoni."

"Basi kwa nini uliniambia umehisi?"

"Uliniita Etelka."

Ármin alikikamata kidole, akakibinya kwa ukucha. "Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa? Jaribu!"

"Ármin, watu wanatuangalia."

Akauachia mkono. "Wenzangu wamekwisha kunipongeza," akakiambia kijiko. Kisha akakaa wima, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya nyuma ya kochi. "Nini kinakujia akilini sasa hivi?"

"Kwamba nilikuwa nakula na mchumba wangu, mara kaingia daktari."

"Siwezi kumwoa mgonjwa wangu."

"Basi nitibu."

"Siwezi kumtibu niliyemvisha pete. Nina mwenzangu Vienna, mtu mzuri, nitamwandikia barua..."

"Kwa hiyo nimewapoteza wote wawili kwa bakuli moja la supu."

Etelka alisubiri. Ármin angesema neno lolote, hata la hasira, ilimradi lisiwe barua, yeye angebaki. Ármin akamwita mhudumu.

Etelka akavaa glavu ya kulia. Ya kushoto aliisukuma mpaka kwenye sahani ya Ármin, na katika kidole kimoja palikuwa na kinundu kidogo. Hakulia. Alikuwa na hakika angelia jioni. Jioni ikafika, akala mkate na siagi.

Oktoba, Jumamosi, sokoni, sauti ikatoka nyuma yake.

"Nakubusu mkono, Bi Etelka."

"Bi" ilikuwa imerudi mahali pake. Kikapu kilikuwa mkono wa kulia, kama kawaida. Akakiweka chini, kati ya miguu yake, juu ya majani ya kabichi yaliyokanyagwa, akampa Daktari mkono huo wa kulia.

Masharubu yalichoma. Midomo ilikuwa ya moto, ikakaa kidogo kupita desturi. Etelka alihisi kila kitu.

"Asante, Daktari," akasema. Akainua kikapu kwa mkono wa kushoto, ambao haukujua umebeba nini, akaondoka.