Kipande cha Kufunga

Giza lilikuwa linaanza kuingia Chujio alipoteremka ngazi kwenda getini kuchukua mzigo wake. Mzigo wenyewe ulikuwa kiboksi cha kuingia mfukoni, na angeweza kumtuma mtu. Lakini alitaka kunyoosha miguu, na tuseme ukweli, alitaka pia kupita mbele ya meza za wenzake wamwone. Siku hiyo alikuwa amemnyoosha mtu, na mtu akishamnyoosha mwenzake hupenda kutembea kidogo.

Chujio si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na wenzake kazini, akalipenda kuliko lile la mama. Kazi yake ilikuwa kukagua programu za watu wengine, zile zinazokaa chini kabisa kwenye kiini cha kompyuta, ambazo zikikosewa mashine nzima huanguka. Programu haiingii humo mpaka mkaguzi aweke jina lake chini yake: nimeisoma, iko sawa. Na kwa Chujio mambo hayakupita kirahisi. Ukiacha nafasi mbili palipotakiwa moja, anakurudishia. Ukianza sentensi kwa herufi ndogo, anakurudishia, tena mbele ya kadamnasi, kwenye jukwaa la mtandaoni ambako mamia ya mafundi walikuwa wakisoma na kucheka chinichini. Wachache walicheka kwa utani wake. Wengi walicheka kwa kuwa zamu haikuwa yao.

Aliyenyooshwa safari hii alikuwa mama mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Jukwaani alijiita Bi Kimya. Alikuwa ametuma draiva ya kifaa cha uchunguzi. Mafundi wanavijua vifaa hivyo: unakichomeka kwenye mashine nyingine, unaisimamisha katikati ya hatua, unasoma kila kilichomo kichwani mwake, kisha unaiachia iendelee bila kujua kwamba ilisimama. Draiva ndiyo inayoifundisha kompyuta yako kuongea na kifaa hicho. Ina kipande cha kufungua, kipande cha kusoma, na kipande cha kufunga.

Bi Kimya aliandika kwa adabu. "Naomba mkaguzi anitazamie kipande cha kufunga. Sina uhakika nacho, na naogopa madhara yake."

Chujio akamjibu habari za nafasi. Yule mama akarekebisha. Chujio akamjibu habari za herufi kubwa. Akarekebisha. Chujio akamwuliza kama huko kwao kibodi zinauzwa bila kitufe cha nukta, na jukwaa zima likaangua kicheko. Kila aliporudisha kazi, Bi Kimya alirudia ombi lake lile lile: kipande cha kufunga, tafadhali. Mwishowe Chujio alichoka, njaa ikamuuma, akaweka jina lake chini. Nimeisoma, iko sawa. Kipande cha kufunga kilikuwa mwisho kabisa wa ukurasa, na yeye hakufika huko.

Getini, mlinzi alikuwa amesimama nje ya kibanda chake.

"Mbona uko nje, huoni mbu?"

"Heri mbu, bosi." Mlinzi akamnyooshea kiboksi kwa ncha za vidole, akashusha sauti. "Kaleta mama mmoja, mtu mzima. Kaingia hapa... feni ikasimama."

"Umeme ulikatika."

"Taa ilikuwa inawaka. Na redio ikanyamaza katikati ya neno. Katikati, bosi! Kanisalimia, kaacha mzigo, katoka zake. Feni ikaanza. Na redio ikamalizia lile neno."

Chujio akacheka. "Na huyo mama alisemaje?"

"Kasema, mwambie namshukuru kwa kunisoma."

Hapo kicheko kikamkauka kidogo. Alikichukua kiboksi. Kilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka kushikwa muda mrefu, na kilinuka moshi wa kulehemu waya. Mlinzi hakurudi kibandani mpaka Chujio alipovuka barabara.

Nyumbani kwake chumba cha mbele kilikuwa cha kazi mbili. Upande mmoja palikuwa na meza yake na kompyuta. Upande wa pili alikaa mkewe, fundi wa nguo, na cherehani yake ya kukanyaga, amezungukwa na vipande vya sare za shule.

"Karibu, baba watoto. Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Leo mimi wateja wamekuwa wengi mno sana."

"Mno, au sana," alisema Chujio akivua viatu. "Chagua moja."

Mkewe akacheka kidogo, akarudi kwenye cherehani.

Chujio aliketi, akakifungua kiboksi: ndani mlikuwa na kifaa cha uchunguzi cha Bi Kimya. Alitoa ubao mdogo wa saketi wa majaribio, akakichomeka kifaa hicho, akaiwasha draiva ya Bi Kimya. Alikuwa ameshaipitisha, lakini kifaa kikiletwa mpaka mkononi si vibaya kukijaribu. Skrini ikamwonyesha vitu vinavyoweza kuchunguzwa.

Vilikuwa viwili.

Cha kwanza kilikuwa ule ubao. Cha pili hakikuwa na jina. Kando yake palikuwa na tarakimu zilizopanda na kushuka, zikapanda na kushuka, polepole, kwa mwendo fulani ambao masikio yake yaliujua kabla ya akili yake kuujua. Pale chumbani ikaingia ile harufu ya moshi wa kulehemu... na hakuna aliyekuwa akilehemu.

Mkaguzi wa kweli angechomoa. Chujio aliandika: simamisha, cha pili.

Cherehani ikanyamaza.

"Uzi umekatika?" aliuliza bila kugeuka.

Kimya.

"Mama watoto?"

Akageuka. Mkewe alikuwa ameinamia kitambaa, kidole gumba karibu na sindano, mguu ukiwa umeteremsha kanyagio nusu. Macho wazi. Midomo imeachana kidogo, kama mtu anayetaka kuanza neno. Ulikuwa mzaha, bila shaka. Akasubiri acheke.

Nzi akaja, akatua kwenye kope yake.

Hakupepesa.

Chujio aligeukia skrini, mkono ukiwa tayari kwenye kibodi. Neno lenyewe alilijua: endelea. Lingemchukua muda wa kupiga chafya. Lakini skrini ilikuwa imeshaanza kujaa maandishi, mstari juu ya mstari, na mstari wa kwanza ulisema: *Mguu huu wa suruali nimeukata mfupi. Nikimwambia, atasema si nilikuambia.*

Alisoma wa pili. *Nimecheka mapema mno. Ameona kwamba sijafurahi?*

Hapa ndipo palipo aibu ya hadithi hii, na hakuna namna ya kuizunguka. Alijua ni mawazo ya nani. Alijua mwenye mawazo hayo hakumpa ruhusa. Nyuma yake palikuwa na mke wake asiyepumua, na yeye alivuta kiti karibu na skrini asome vizuri.

*Neno hili niliseme vipi asinisahihishe.*

*Leo nitashona mpaka asinzie.*

*Siku tulipomzika baba, nilipokuwa nawashukuru watu, alininong'oneza kwamba nimekosea neno. Mbele ya jeneza. Nikalirudia vizuri. Tangu siku ile sijalia mbele yake.*

Chujio aliikumbuka siku hiyo. Aliikumbuka kama siku aliyomsaidia mkewe asiaibike mbele za watu. Masikio yakamwaka moto. Bado alisoma. Akafika mwisho, ambapo palikuwa na mstari mmoja mfupi.

*Simchukii. Nimechoka kukaguliwa.*

Akausoma tena, akitafuta kosa ndani yake. Hakuona. Ndipo aliposhindwa kuvumilia, akaifunga ile programu kwa kishindo kama mtu aliyekutwa amechungulia dirisha la jirani.

Akangoja cherehani ilie.

Haikulia.

Nzi alikuwa amehamia kwenye mdomo sasa. Chujio alimfukuza kwa mkono, akaligusa shavu la mkewe. Lilikuwa na joto, lakini lile joto la kiti kilichotoka kukaliwa. Akamwita kwa jina lake, lile la ujana wao. Akaweka sikio kifuani. Alisikia saa ya ukutani tu.

Akarudi mbio kwenye kompyuta. Fungua upya. Skrini ikajibu: kifaa kinashikiliwa. Fungua upya! Kifaa kinashikiliwa. Nani anayekishikilia? Akaifungua draiva yenyewe, na kwa mara ya kwanza akateremka mpaka mwisho wa ukurasa, kwenye kipande cha kufunga. Mkaguzi wa siku yake ya kwanza angeliona kosa. Kilichosimamishwa kilipaswa kuachiwa kabla ya kufunga. Hakikuachiwa. Programu ilikuwa inafunga mlango na kuondoka, na aliyesimama huko ndani anabaki amesimama.

Chini yake Bi Kimya alikuwa ameandika dokezo, kila herufi kubwa mahali pake, kila nukta mahali pake. *Kikikwama, njia ni moja. Zima kinachochunguzwa, kisha ujaribu kukiwasha.*

Zima kinachochunguzwa.

Alimtazama mkewe. Ukingo wa midomo yake ulikuwa umeanza kubadilika rangi.

Aliandika jukwaani, mbele ya wote. *Bi Kimya naomba msaada haraka draiva imemkwamisha mtu nisaidie*

Jibu liliingia kabla hajanyanyua kidole.

*Hakuna nukta mwishoni. Rekebisha, utume tena.*

Machozi yalimlenga. Aliongeza nukta. Akatuma.

*Ulikisoma kipande cha kufunga?*

Aliandika kwamba wiki ilikuwa na kazi nyingi.

*Rekebisha, utume tena.*

Aliandika kwamba alikipitia, ila harakaharaka.

*Rekebisha, utume tena.*

Kule jukwaani wenzake walikuwa wameanza kukusanyika. Mmoja aliweka alama ya kicheko, akaifuta. Chujio alifikiria jina lake, lile alilolipenda, na miaka yote ya watu kuliogopa. Nyuma yake hakukuwa na sauti ya pumzi. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, basi akaandika.

*Sikukisoma. Uliniomba mara zote, na sikukisoma. Nilikuwa natafuta vya kukuchekea. Niliweka jina langu chini ya kitu nisichokijua.*

Safari hii jibu lilikawia. Lilikawia mno. Kisha ukaja mstari mmoja wa programu, ule uliokosekana, bila salamu wala neno la ziada.

Kesho yake wenzake walipomtafuta Bi Kimya jukwaani hawakumpata. Barua zake zote zilikuwa zimeondoka. Zilibaki za Chujio peke yake, zikimkejeli mtu asiyekuwepo.

Lakini hiyo ni kesho. Jioni ile aliupachika ule mstari, akaiwasha draiva upya, akaandika neno alilopaswa kuliandika tangu mwanzo. Endelea.

Cherehani ikalia. Mguu ukateremka, sindano ikazama, kitambaa kikasogea. Mkewe alivuta pumzi ndefu, akashona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. Kisha akaondoa mguu kwenye kanyagio. Hakugeuka.

"Ulisoma mpaka wapi?"

Sauti ilikuwa ya chini sana. Muda mfupi tu uliopita Chujio alikuwa amekiri mbele ya mamia ya watu wasiomjua. Sasa alikuwa mbele ya mmoja anayemjua.

"Kusoma nini?"

"Baba watoto..."

"Sijasoma kitu."

Akageuka. Chujio alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hasira angeijibu, angeiombea radhi, angeinunulia hata zawadi. Machoni mwa mkewe palikuwa na huruma, ile tunayompa mgonjwa ambaye daktari hajamwambia ukweli.

"Njia uliiacha wazi," alinong'ona. "Muda wote ule. Na mimi huku nilikuwa nausoma upande wako, kama ulivyousoma wangu."

Chujio aliitazama skrini, kisha akamtazama mkewe.

"Mimi nimesoma mpaka mwisho."

Akauchukua mguu mwingine wa suruali, akaulaza chini ya sindano, akaanza kushona. Chujio alibaki kwenye kiti chake, mikono magotini. Alitaka kumwuliza amekuta nini huko. Hakumwuliza, maana aliogopa kwamba angemwambia.