Kopo la Mvua la Zuena

Watu wa kijiji cha Misima walikuwa wameshaanza kumwita Mzee Mwinjuma "Baba Nesi," na jina hilo alilipenda sana. Akienda kwenye shamba la ujamaa, wenzake humtania kwamba binti yake atawachoma sindano za mgongo. Jioni, kwenye kisomo cha watu wazima, hukaa mbele kabisa, maana baba wa nesi hawezi kushindwa na herufi. Lakini nesi mwenyewe alikuwa bado hajawa nesi. Zuena alikuwa kidato cha nne, shule ya bweni huko Korogwe.

Siku moja Zuena alikuja likizo na fomu ya kuchagua kazi. Fomu ilitakiwa shuleni Jumatatu. Kazi atakazoandika humo ndizo atakazofikiriwa kusomea.

"Andika uuguzi," Mwinjuma alisema. "Ya kwanza uuguzi, ya pili uuguzi, ya tatu uuguzi."

"Baba, nafasi zimewekwa tatu ili mtu..."

"Nimezihesabu. Zote tatu."

Zuena aliikunja fomu. Alitoka uani kuangalia kopo lake.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limefungwa juu ya mti mfupi. Mvua ikinyesha, Zuena hutumbukiza rula ndani, kisha huandika kwenye daftari. Akiwa shuleni, mama yake, Mwantumu, humpimia. Mwinjuma aliona huo ni mchezo wa watoto. Likizo iliyopita, mvua ya kwanza iliponyesha, Zuena alimwambia, "Baba, ni milimita nne tu. Usipande kwanza." Mwinjuma alicheka, akapanda. Jua likawaka siku kumi, na mahindi yote yakaungua yakiwa na majani mawili. Mwinjuma hakulitaja tena jambo hilo.

Jumamosi, mgeni akabisha hodi. Alikuwa Mwalimu Serafina, ambaye pale shuleni huwashauri wanafunzi juu ya kazi. Likizo ile alikuwa akiwatembelea wazazi wa wanafunzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Zuena, kamata yule jogoo."

Mwinjuma akachukua kisu, Zuena akashika miguu ya jogoo. Damu ilipotoka tu, mikono ya Zuena ikalegea. Jogoo akamponyoka, akaenda kufia mlangoni kwa jirani. Zuena alikuwa amekaa chini, uso umempauka.

"Huyu ndivyo alivyo tangu mdogo," Mwantumu alisema, huku akimpa maji. "Siku ya kuchinja huwa ametumwa kwa jirani. Anajituma mwenyewe."

Serafina alingoja Zuena apate nafuu. Kisha akasema, "Mzee, wodini damu ni ya kila siku."

"Atazoea."

"Wengi huzoea. Umemwuliza kama anataka kuzoea?"

Mwinjuma alikiweka kisu kando. Alipoongea, sauti yake ilikuwa chini. "Mwalimu, siku alipozaliwa huyu, mama yake alikuwa anakufa. Nesi mmoja alimpigania mpaka asubuhi. Nikasema palepale, mwanangu atakuwa kama yule."

"Nia yako ni njema, mzee. Lakini yule nesi aliipenda kazi yake, ndiyo maana akapigana. Kazi haichaguliwi kwa sababu inasifiwa. Tunamtazama mtoto, halafu tunawauliza wanaoifanya kazi hiyo. Zuena hufanya nini bila kutumwa?"

Mwantumu akanyoosha mkono kwenye kopo.

Mwinjuma akaguna. "Mvua ni ya Mungu. Nani atamlipa mtu mshahara aitazame?"

"Twende tukamwulize anayelipwa," Serafina alisema.

Kesho yake walipanda basi mpaka shamba moja la mkonge karibu na Ngombezi. Ndani ya uzio mdogo walimkuta Matayo, mtu mwembamba, akisoma kipimo cha mvua. Kilifanana na kopo la Zuena, ila hiki kilikuwa cha shaba. Mwinjuma akarudia kwamba mvua ni ya Mungu.

"Ni ya Mungu kweli, mzee," Matayo alisema. "Mimi napima iliyoshuka, wakubwa wajue wakati wa kupanda." Ugumu wa kazi hakuuficha. Saa tatu asubuhi lazima awe pale, iwe Idi au Krismasi. Asiyependa hesabu na jiografia atateseka. Zuena aliuliza maswali mpaka Matayo akacheka. Mwinjuma hakuwahi kumsikia binti yake akiongea hivyo.

Mwishowe naye akauliza lake. "Milimita nne zinatosha kupanda?"

"Hizo zinalowesha vumbi tu."

Mwinjuma akamtazama Zuena. Aibu ilimshika, lakini hakutaka kuificha. "Ndivyo alivyoniambia huyu," alisema.

Wakiwa kituo cha basi, Zuena alitoa fomu. Ya kwanza aliandika hali ya hewa. "Usibaki na tumaini moja," Serafina alimkumbusha, naye akaongeza kilimo na ualimu. Mwinjuma alikuwa ameshajua kusoma. Alisoma zote tatu polepole, neno kwa neno, wala hakugusa kalamu.

Zuena alichaguliwa, akasoma, akapangiwa kituo cha hali ya hewa cha mbali. Miaka mitatu baada ya safari ile, alipokea barua yenye herufi kubwa zilizopinda. Ilikuwa ya kwanza baba yake kuandika maishani.

"Mwanangu Zuena. Juzi kopo lilikuwa na milimita nne. Sikupanda. Majirani walikuja kuliangalia, nao wakangoja. Leo lina thelathini na mbili. Nimechimba, udongo umelowa mpaka chini. Tumepanda wote. Sasa wananiita Baba Mvua. Mama yako anakusalimu. Ukija likizo nitakuchinjia jogoo. Wewe utakwenda kwa jirani."