Mstari wa Kuuliza

Hebu fumba macho kidogo, uione nyumba. Ni nyumba ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi ambayo zamani yalikuwa moto. Ina chumba kimoja na dirisha moja la uani. Sasa mwenye nyumba ametoboa dirisha la pili ukutani. Ila hili la pili halitazami uani kwake. Linatazama ndani ya nyumba ya mtu mwingine, mbali kabisa. Wageni wakiingia wanaona madirisha mawili, wanadhani yote ni ya nyumba ileile.

Umeiona? Basi ishike hivyo hivyo, usiiache.

Uwitonze wa mtaa wa Majengo, mjini Goma, alikuwa na nyumba ya namna hiyo, ila yake ilikaa ndani ya kompyuta. Ilikuwa ukurasa wa kutafuta watoto waliopotea. Na aliujenga kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amepoteza.

Jioni ile ya Mei 2021, mlima wa moto wa Nyiragongo ulipopasuka, mbingu zilikuwa nyekundu na watu walikimbia na magodoro kichwani. Uwitonze alikuwa mjane. Alikuwa na binti mmoja, Igihozo, wa miaka mitano, na mama mkwe, bibi Mukamugema, ambaye magoti yake hayakumtii tena. Landry alifika na pikipiki. Ndiye parrain, aliyemsimamia Igihozo siku ya ubatizo.

"Nipe mutoto," alisema. "Miye natangulia naye Sake. Weye saidia muzee."

Akampa.

Landry alifika mjini Sake. Igihozo hakufika. "Alinichomoka mukononi, watu walikuwa wengi," Landry alisema, akalia sana, hata ikawa Uwitonze ndiye anayembembeleza.

Mji ulipotulia, Landry akamfundisha kazi yake ya kutengeneza kurasa. Wakajenga ule ukurasa pamoja. Katikati yake Uwitonze aliweka fremu, yaani lile dirisha la pili nililokuambia. Fremu ilionyesha picha za watoto waliookotwa, na picha zilitoka kwenye tovuti ya Landry.

Kompyuta ina sheria yake hapo. Ukurasa hauruhusiwi kuchungulia ndani ya fremu iliyotoka tovuti nyingine. Wawili hao wanaweza kutumiana ujumbe tu, kama majirani wanaoitana juu ya ua. Kwa hiyo Uwitonze, alipoandika JavaScript yake, yaani maagizo ambayo ukurasa huyafuata, aliweka mbele kabisa mstari mmoja wa kuuliza: ujumbe huu unatoka wapi? Ukitoka kwa Landry, pokea. Ukitoka kwingine, tupa.

Mstari huo hakufundishwa na Landry. Aliutoa kwa bibi Mukamugema.

"Jina lako likiitwa giza likiwa linaingia, usiitike," bibi alikuwa akisema tangu Uwitonze aolewe. "Uliza kwanza: unatoka wapi? Mutu ana kwao. Wale wa kule mulimani hawana kwao, hilo neno linawashinda. Na ukiitika bila kuuliza, umewapa sauti yako."

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Vita vikashuka kutoka Rutshuru. Watu wa Kiwanja wakamiminika Goma kwa miguu, na watoto wakapotea upya. Ukurasa wa Uwitonze ukajaa wageni. Picha mpya ikiingia, dirisha dogo lilichomoza lenyewe kwenye telefone ya mzazi, na akina mama walikuwa wamefundishwa kubonyeza Ruhusu ili lisizuiwe.

Yote yalianza jioni ya Alhamisi, Uwitonze alipotoka kununua makala, mkaa wa kupikia.

Kwenye ua wa jirani kulikuwa na mama mmoja, Apolline, aliyefika kutoka Kiwanja majuma matatu nyuma. Mwanawe Constant alimpotea njiani. Uwitonze alipita kumsalimia, ndoo ya makala mkononi. Bibi Mukamugema alikuwa amekaa mlangoni kwa Apolline, akichambua maharage kwa mwanga uliobaki.

"Apolline, uko?"

Apolline alikuwa ndani, juu ya mkeka, telefone mapajani. Mdomo wake ulikuwa wazi. Ulisogea. Ulisogea tena. Hakikutoka kitu.

Na kulikuwa na harufu... harufu ya jiwe lililoungua. Kila mtu wa Goma anaijua.

Kwenye telefone lilikuwa limefunguka dirisha dogo. Lilitoka kwenye ukurasa wa Uwitonze. Halikuwa na picha. Lilikuwa jeusi tupu.

Kisha likasema.

"Uwitonze..."

Ilikuwa sauti ya Apolline. Apolline mwenyewe alikuwa amekaa hapo, machozi yanamtiririka, midomo imefungwa sasa.

"Uwitonze... kuya hapa..."

Uwitonze alivuta pumzi ya kuitika. Mkono mkavu wenye vumbi la maharage ukamziba mdomo. Bibi Mukamugema, ambaye hakuwa ameinuka bila fimbo tangu mlima upasuke, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nyamaza, mwanangu," alinong'ona. "Nyamaza kabisa."

Walimwacha Apolline mikononi mwa dada yake, mwenye ule ua, wakarudi nyumbani taratibu, bibi akimwegemea Uwitonze. Njiani bibi aliuliza neno moja tu.

"Uliweka lile swali?"

"Niliweka, Maman. La kwanza kabisa."

"Enda uangalie."

Uwitonze alifungua kompyuta, akashuka mstari kwa mstari kwa kidole. Lile swali halikuwepo. Mahali pake palikuwa patupu, kama pengo la jino. Ujumbe wowote, kutoka popote, ulikuwa unapokewa na kufunguliwa dirisha.

Kazi za namna hii huweka kumbukumbu: nani amebadilisha nini, na lini. Watu wawili tu walikuwa na neno la siri. Uwitonze alisoma tarehe. Ilikuwa juma ambalo watu wa Kiwanja walianza kukimbia. Akasoma jina.

Landry.

Alisoma mara ya pili, maana macho yakichoka hukosea. Hayakukosea.

Hakulia. Alimpigia telefone, akasema kwa sauti ya kila siku, "Parrain, pita hapa nyumbani, kuna kitu kimeharibika." Kisha akaurudisha ule mstari, ila nusu tu. Aliuacha uulize bila kutupa. Alitaka kwanza kujua.

Haikuchukua muda. Dirisha dogo likachomoza.

"Mama..."

Kikombe kilimwanguka.

"Mama, unisuke nywele..."

Kila Jumamosi, Igihozo alikuwa akiburuta kigoda na kusema maneno hayo hayo. Mama asingeweza kuikosea sauti ile. Bibi Mukamugema alijifunika uso kwa kitenge, lakini hakufungua mdomo.

Chini ya skrini, mstari wa kuuliza ulikuwa umeleta jibu lake. Ujumbe wa kawaida huja na anwani ya kwao. Huu ulikuja na neno moja.

*null*

Yaani tupu. Hauna kwao.

Hapo ndipo Landry aliingia, kofia ya pikipiki mkononi, akitabasamu. "Maman Igihozo, ni nini tena? Nilikuwa na foufou mezani, unaniharibia..." Akaona skrini. Tabasamu likabaki mdomoni peke yake, macho yameshaondoka.

"Hiyo null si kitu," alisema haraka. "Fremu ikifungiwa isiguse vya wengine, inataja hivyo. Ni kawaida. Nilikufundisha."

"Ulinifundisha. Sasa nifundishe: juu ya nini ulifuta mustari wangu?"

"Mama..." ilisema kompyuta. "Mama, juu ya nini haunijibu?"

Landry alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya mbao.

"Ifunge kwanza," alinong'ona.

"Sema."

"Uwitonze, nakuomba..."

"Sema, Landry!"

Akasema. Alisema akitazama kofia, akiizungusha.

Kwamba usiku wa mlima, kwenye barabara ya Sake, moshi ulishuka na watu wote wakatoweka ndani yake. Kwamba pikipiki ilizimika. Kwamba kitu kiliita jina lake kutoka kwenye moshi, polepole, kama mtu anayemjua. Landry... Mara mbili. Naye alilijua fundisho. Hata nyanya yake wa Masisi alimfundisha. Hakuitika. Lakini aliogopa kwamba ikiita mara ya tatu angeitika.

"Mutoto alikuwa mbele yangu, kwenye tangi," alisema. "Akaniuliza, Parrain, hausikie? Wanakuita. Nikamwambia..."

Kofia ikaacha kuzunguka.

"Ulimwambia nini?"

"Nikamwambia: itika weye."

Landry aliiweka kofia sakafuni.

"Akaitika. Vizuri kabisa, kama mulivyomufundisha. *Karame!* Moshi ukafunguka. Na mukononi sikukuwa na mutoto."

Karame. Ndivyo watoto wa nyumba zetu wanavyoitika wakiitwa na mkubwa. Uwitonze alikuwa amemfundisha yeye mwenyewe, kwa subira, tangu mtoto anaanza kusema. Ukiitwa, itika. Ni adabu.

"Nilikubembeleza," Uwitonze alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ulilia hapa, nikakupangusa machozi. Nikakupa chai ya kikombe chake."

"Nilidhani imekwisha. Kisha vita vikaanza, ikaniita tena, mule mule ndani ya tovuti yangu. Ndani ya fremu yangu kulikuwa fremu nyingine, sijaiweka miye, haina anwani. Inataka sauti, Uwitonze. Ikikosa za wengine, inaita yangu. Mustari wako ulikuwa unaizuia. Nifanye nini, sasa?"

"Ungeniambia."

Uwitonze aligeukia kompyuta. Kuiondoa fremu ilikuwa kazi ya kidole kimoja: kufuta mstari mmoja, kuhifadhi. Lakini ndani ya fremu ile ilikuwa sauti ya mtoto wake. Hakuwa na kaburi. Hakuwa na kiatu. Alikuwa na hiyo tu.

"Mama, unisuke..."

"Ukiifuta," alisema Landry, "itakuja kwangu. Leo leo. Unasikia?"

Uwitonze aliweka kiganja juu ya skrini. Ilikuwa ya moto. Katika Majengo peke yake kulikuwa na akina mama wangapi waliobonyeza Ruhusu jioni hiyo, wakingoja?

Akafuta.

Dirisha dogo likazimika. Nje, hata mbwa walinyamaza. Harufu ya jiwe lililoungua ikapungua ndani ya nyumba...

...na ikaanza kuingia kwa chini ya mlango.

"Parrain..."

Sauti ya mtoto, nje, usawa wa kitasa.

Landry alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Parrain... hausikie? Nakuita."

Hiyo ilikuwa ya pili. Landry akamtazama Uwitonze. Uwitonze aliyaelewa macho yale, na akajua kwamba ndivyo yalivyomtazama Igihozo ndani ya moshi. *Itika weye.*

Uwitonze alishika mkono wa mama mkwe wake, na wote wawili wakafunga midomo.

"Parrain."

Sijui kama ni hofu, au uchovu, au kama jioni hiyo alikumbuka adabu. Mikono ya Landry ilishuka yenyewe.

"Karame," alisema.

Hilo ndilo neno la mwisho ambalo mtu yeyote wa Goma amelisikia kutoka kinywani mwake.

Yuko hai. Utamkuta mtaa wa Mabanga, amekaa kando ya duka la vipuri, anafungua mdomo na kuufunga. Daktari alisema ni mshtuko wa vita, na kwamba Apolline naye ana ugonjwa huo huo. Huenda. Watu wengi walinyamaza mwaka ule. Lakini wapo wanaosema kwamba kwenye kurasa nyingine, za watu wengine, jioni huchomoza dirisha dogo jeusi, na sauti ya mwanaume mpole inakuita kwa jina.

Uwitonze aliujenga ukurasa wake upya, peke yake. Hauna fremu. Hauna neno la siri la mtu wa pili. Mstari wa kuuliza umerudi pale juu kabisa, mzima, na unapokea ujumbe wa nyumba yake mwenyewe tu, basi. Watoto kumi na mmoja wamerudi kwao kupitia hapo, na Constant wa Apolline ni mmoja wao. Mama yake alimpokea bila sauti.

Lakini jioni moja, majuma matatu baadaye, Uwitonze alikuwa anapuliza makala mlangoni. Nyuma yake, mezani, kompyuta ikatoa mlio. Dirisha dogo lilikuwa limechomoza.

Aliinuka. Hakutazama dirisha. Kwanza alitazama mstari wa kuuliza, kama alivyofundishwa: unatoka wapi?

Safari hii haikuandikwa null.

Iliandikwa anwani ya ukurasa wake mwenyewe.

"Mama," ilisema sauti ya Igihozo, karibu kabisa. "Niko kwetu."

Mpaka leo hajaitika. Mpaka leo hajalifunga lile dirisha. Jioni huketi mbele yake na kitana mkononi.

Sasa unaweza kufumbua macho, nyumba yako iko kama ulivyoiacha. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu, na umfundishe mtoto wako polepole, pamoja na ile adabu yake ya kuitika. Akiitwa jina, aulize kwanza sauti inatoka wapi. Na ikimtajia kwenu, aulize tena.