Krimu Chini ya Mkeka wa Msiba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mjukuu wangu Fane alinifunga mkeka wa msiba kiunoni. Mume wangu tulikuwa tumemzika, na mjane wa hapa kisiwani Vava'u hauvui mpaka mwaka uishe. Mkeka wenyewe ulikuwa mkuukuu, umechanika. Ulinikwaruza toka mbavuni hadi mapajani, nikatoka vipele vya kuwasha.

Siku moja Fane akaja na tyubu ya krimu.

"Ya nani hiyo?" nikamuuliza.

"Ya kwako sasa, Bibi. Geuka nikupake."

Sikumchimba zaidi. Akanipaka asubuhi na jioni, kisha mkeka juu yake, umebana. Vipele vikanywea.

Lakini kiu ikawa haikatiki, na kidonda cha kidole cha mguu kikakataa kupona. Tukaenda kituo cha afya. Nesi Ungatea, anayenitibu kisukari miaka yote, akanipima.

"Sukari kumi na tisa, iko juu mno. Bibi Vaimoana, siku hizi keki za kanisani zinakuita kwa jina?"

"Sijagusa keki tangu mazishi."

"Basi mashine ndiyo imekula." Wanawake kwenye benchi wakacheka. "Kuna dawa nyingine unayotumia?"

"Hizo zako tu." Mimi nilijua dawa ni ile ya kumeza. Fane alikuwa anatazama sakafu.

Baada ya wiki mbili kidole kilikuwa cheusi. Wakakikata hospitalini. Daktari akaniambia sukari isiposhuka, mguu nao utafuata.

Jioni ile Fane aliingia wodini, akapita kitanda changu bila salamu, akamwekea Nesi Ungatea ile tyubu mkononi. Nesi alikuwa amekuja kunijulia hali.

"Bibi hali keki," Fane akasema. "Mimi ndiye nimekuwa nikimpaka hii. Niliichukua kwenye sanduku la Shangazi Kalolaine bila kuomba. Ulipouliza, niliogopa."

Nesi akaisoma, akafunua tumbo langu. Ngozi ilikuwa nyembamba, imejaa michubuko.

"Krimu hii ni kali. Ukiipaka sehemu kubwa hivi, kila siku, halafu ukaifunika kwa mkeka, inapenya mpaka kwenye damu. Mwenye kisukari inaweza kumpandishia sukari." Akanigeukia. "Nisamehe, mama. Habari za keki nilikusingizia."

Daktari akaipunguza krimu kidogo kidogo, maana kuiacha ghafla nako kuna hatari, na Fane akashona kitambaa laini ndani ya mkeka. Sukari ikashuka. Mguu ukabaki.

Siku hizi Fane hunivisha kiatu, akijaza pamba pale palipokuwa na kidole. Juzi aliuliza, "Bibi, ningesema siku ile, kidole kingekuwepo?"

Sikumdanganya. "Huenda. Na mimi ningesema, huenda pia. Nesi hatibu asichoambiwa, mjukuu wangu. Ukiulizwa unatumia nini, taja chote: cha kumeza, cha kupaka, hata cha kuiba."

Akaifunga kamba ya kiatu, taratibu, asinibane.