Bei Aliyoiona Mzee Adolfu Peke Yake

Jumatatu asubuhi, duka la magari la Obedi mjini Sumbawanga lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Mzee Adolfu, mkulima wa Mwimbi, akaingia na koti lake la baridi kuulizia pikapu yake.

"Pikapu ipi, mzee wangu?" Jovina, muuzaji, akauliza.

"Ile nyeupe mpya, ya milioni ishirini na nane. Malipo ya awali nimeshatuma, milioni sita."

Jovina akashika mdomo. Pikapu ile ilikuwa milioni thelathini na sita, bei imebandikwa hadi kwenye kioo, na malipo hayo hayakuwahi kufika dukani. Mzee akaeleza kwamba bei aliiona kwenye stetasi ya simu ya duka, chini yake pana namba ya kutumia pesa. Kesho yake ilikuwa imejifuta. Hakuna mwingine aliyeiona.

"Huyu tapeli!" Obedi akafoka.

Yesu na Maria! Mtu kauza maksai sita, mvua ziko mlangoni, hana cha kulimia, halafu anaitwa tapeli!

Obedi akapiga simu polisi, na saa nne akafika Sajenti Margareth wa upelelezi. Namba iliyopokea pesa alikuwa ameshaifuatilia: ya bibi mmoja wa kijiji cha Kate aliyeibiwa simu.

"Simu ya duka inashikwa na nani?"

"Mimi, Jovina, na mhasibu wangu Andwele," Obedi akajibu.

Andwele alimwamkia afande kwa sauti ya chini, akajisogeza nyuma ya kaunta. Mzee aliposogelea kaunta, yeye akahamia mlangoni.

"Bei zinawekwa na nani?"

"Mimi, Afande," Jovina akasema, machozi yanamlengalenga. "Lakini naziweka zionwe na wote. Haki ya Mungu!"

Obedi akamkazia macho. "Kumbe ni wewe!"

"Tulia, bwana," Margareth akasema. Akafungua mipangilio ya stetasi, sehemu ya kuchagua watu wa kuonyeshwa. Mwizi alikuwa amerudisha stetasi zionwe na wote, ila orodha aliyochagua mwanzo alisahau kuifuta. Namba moja tu: ya Mzee Adolfu.

Bei ile ilitengenezwa kwa ajili ya macho ya mtu mmoja!

"Mzee, uliwahi kuwapa hawa namba yako?"

"Hapana. Mimi ndiye niliichukua yao kwenye bango."

"Nani alijua unatafuta pikapu?"

"Mke wangu na binti yangu Salome tu. Anaolewa Desemba, na mtu wa huku mjini."

"Mkweo unamfahamu?"

"Sijamtia machoni, anakuja mshenga. Ila ni mtu wa adabu! Wiki iliyopita katuma mahari yote kwa mkupuo."

Margareth akavuta benchi.

"Mzee, kaa katikati. Nyie watatu, kaeni naye."

Obedi akakaa, amenuna. Jovina akakaa. Andwele alibaki mlangoni, macho chini.

"Kaa, Andwele."

"Niko sawa hapa, Afande."

"Nimesema kaa."

"Siwezi. Siwezi kukaa naye benchi moja."

"Najua huwezi. Na mimi nimelelewa Mbeya, kwenye mila ya mkwe kutokaa karibu na baba mkwe," Margareth akasema. "Tangu nimeingia unamkwepa. Nikadhani ni woga wa mwizi. Kumbe ni heshima ya mkwe! Namba yake ulipewa na Salome, sivyo?"

Andwele akapiga magoti palepale.

"Wajomba zake walinipa mwezi mmoja nilete mahari, la sivyo anapewa mwalimu wa Namanyere. Sikuwa na kitu, Afande. Salome akaniambia baba yake anaangalia pikapu kwenye simu. Yeye hajui lolote, nawaapia. Shetani alinipitia."

Jamani! Mtu ana adabu ya kukataa benchi, hana adabu ya kuacha maksai wa mwenzake!

"Baba, nisamehe," Andwele akalia.

Mzee Adolfu hakumwangalia. Aliwatazama wengine mmoja mmoja.

"Nilipoipokea ile mahari nilimshukuru Mungu," akasema. "Nikawagawia ndugu zangu, wameshaila. Kumbe binti yangu kaposwa kwa maksai wangu mwenyewe!"

Margareth akatoa pingu.

"Subiri, mama," mzee akamzuia. "Uchumba ukivunjika, mila yetu inanitaka nirudishe mahari. Sasa niambie, namrudishia nani?"

Margareth akamtazama Andwele, kisha mzee, pingu bado mkononi.