Barua ya Mpenzi wa Askari

Ngumi ya pili ndiyo iliyong'oa jino.

Mwalimu wa Kemia aliangukia meza ya maabara, chupa tatu zikapasuka, naye akaporomoka juu ya vigae vya chupa hizo. Mwalimu wa Historia, ambaye wanafunzi walimbatiza Karne, alimfuata hukohuko chini, akamkaba shati.

"Tangu lini? Nijibu! Tangu lini unatembea na mchumba wangu?"

"Mchumba wako? Karne, leo umevuta nini?"

Kofi. Damu ikaruka mpaka kwenye koti jeupe.

Karne alikuwa ameingia kuazima chaki tu. Akaikuta karatasi kwenye trei dirishani, inakauka. Mwandiko aliujua kama kiganja chake: wa mkutubi wa shule, binti aliyebakiza wiki tatu aolewe naye. Akaisoma tena, kwa sauti.

"'Kipenzi, huyu wanayeniozesha simpendi hata chembe. Njoo unichukue kabla ya harusi.' Kabla ya harusi! Na mimi nilikuita ndugu!"

"Geuza," mwenzake alikohoa. "Geuza hiyo karatasi, usome upande wa..."

Teke la ubavu likamkatiza.

"Muache! Utaua mtu!"

Mkutubi alikuwa amesimama mlangoni, anahema.

"Ahaa! Umekuja kumtetea bwana'ko?"

Karne akainua mkono. Ukabaki hewani, umekunjwa ngumi, damu ya mtu mwingine ikichuruzika hadi kwenye kiwiko. Binti hakurudi nyuma. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa nyumbani aliyeanza kutoka povu.

"Nipige basi," akasema. "Lakini kwanza soma tarehe."

Karne akageuza karatasi. Palikuwa na tarehe ya miaka mia moja iliyopita, na chini yake: *Kwa askari wangu, huko vitani.*

Mkono ukashuka wenyewe.

"Nani aliniomba barua ya kughushi kwa ajili ya Kidato cha Sita?" mkutubi aliuliza. "Nani alisema, 'Usinionyeshe, nataka nijipime pamoja na wanafunzi'? Tumeichovya kwenye chai ya rangi mara tatu ili izeeke. Huyu unayemuua ameacha kusahihisha mitihani yake ili akusaidie wewe!"

Kila mwaka Karne aliwapa wanafunzi nyaraka tano, moja ya uongo, waibaini. Aliwapigia kelele mpaka sauti ikamkauka: nani kaandika, lini, kwa nani? Shule nzima ya bweni iliyajua maswali hayo kama kengele ya chakula. Leo yeye hakuuliza hata moja.

Akapiga magoti penye vigae.

"Ndugu yangu, nisamehe."

"Niokotee jino langu kwanza," Mwalimu wa Kemia alijibu, kashika mdomo. "Msamaha nitautafuna na nini?"

Nje, viatu vya Mkuu wa Shule vilisikika kwa mbali. Karne akamshika mkutubi pindo la gauni.

"Mpenzi, sema ameteleza. Wewe ndiye shahidi. Nikifukuzwa kazi, tutaishi wapi?"

"Tutaishi? Mimi na nani?"

Akaichomoa simu ya Karne mfukoni mwa shati, akampigia mama mkwe, akaweka sauti ya juu.

"Mwanangu, mbona saa za kazi?"

"Ni mimi mkweo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Fundi kamaliza gauni?"

"Mama, harusi haipo. Mwanao amempiga mwalimu mwenzake kama nyoka, bila kosa. Mimi ameniinulia mkono."

"Amekupiga?"

"Bado, mama."

"Ondoka kabla hiyo 'bado' haijaisha. Baba yake naye alianza kwa kuinua tu, nikasema atatulia. Miaka kumi na tisa, mwanangu! Hata huu mkono wangu uliopinda, huyo mchumba wako anajua nilianguka kisimani. Sikuanguka."

Karne akaliachia pindo la gauni.

Mlango ukasukumwa. Mkuu wa Shule alitazama vigae, damu, koti.

"Nani kafanya haya?"

Mkutubi akavuta pumzi ajibu, lakini Karne akamtangulia.

"Mimi, Mkuu. Nimempiga kwa mikono yangu. Hajanikosea kitu, wala hakuteleza."

Mkutubi akamtazama kitambo, macho yakamjaa machozi. Akaiweka simu kwenye kiganja chenye damu, akamshika Mwalimu wa Kemia kwapani, wakatoka taratibu kuelekea zahanati. Hakugeuka.

Kwenye simu, mama alikuwa bado yupo.

"Mwanangu? Hiyo ni sauti yako? Kumbe muda wote ulikuwa unanisikia?"